Mama Anapochoshwa na Kelele za Wanawe



Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja, hasa tunapokuwa na wenzetu nje ya kanisa baada ya ibada. Yupo mama anayewapenda wanawe kwa moyo wake wote, lakini hawezi kustahimili kelele zao. Simsemi jirani. Mama huyo ni mimi.

Nina watoto wawili wadogo. Wa kiume ana miaka mitatu na nusu, na wa kike hajatimiza miwili. Tunaishi hapa Miyuji katika nyumba tuliyohamia kabla haijakwisha, kama wafanyavyo wengi Dodoma siku hizi. Chini tumeweka vigae, juu ni mabati matupu bila dari, na madirisha hayakuwa na mapazia. Januari iliyopita mvua ilinyesha mchana kutwa, watoto wakabaki ndani. Mkubwa alichukua mifuniko miwili ya sufuria akawa anaigonganisha. Mdogo akamjibu kwa kijiko juu ya sinia. Redio ilikuwa inasema, mvua inapiga bati, na wao wanapaza sauti ili wasikike juu ya hayo yote. Nilisema “nyamazeni” mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Masikio yakaanza kuniuma, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka. Halafu nikamnyang'anya mkubwa mfuniko na kumzaba kofi kali kuliko nilivyokusudia.

Alinyamaza. Tatizo ni kwamba aliendelea kunyamaza. Siku zilizofuata, nilipoingia chumbani wanapocheza, aliweka chini chochote alichoshika na kunitazama. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

Nilipomweleza baba yao, alicheka. Alisema nyumba isiyo na kelele za watoto ni nyumba yenye mgonjwa. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima ninayemheshimu, akanitania kwamba nisipoangalia nitafikishwa Mirembe. Kwa msomaji aliye mbali, Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo hapa hapa Dodoma, nasi tumezoea kulifanya jina lake kuwa mzaha. Nami nilicheka pamoja naye, kisha nikaenda jikoni kulia.

Mama mwenzangu, masikio hayafanani. Mazungumzo ya kawaida yana nguvu ya desibeli kama 60, lakini kilio cha mtoto karibu na sikio lako kinaweza kupita 100. Kwa hiyo usiambiwe kwamba unajidekeza. Tena wapo watu ambao sauti huwaumiza kuliko wengine. Mwenye kipandauso anajua jinsi kijiko kinachoanguka kinavyomchoma kichwani. Mama asiyelala usiku kwa sababu ya mtoto mchanga, au aliyepatwa na sonona baada ya kujifungua, kelele ndogo humwasha hasira kubwa. Wapo pia wasioweza kuvumilia sauti fulani tu, kama ya mtu anayetafuna. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Margaret na Pawel Jastreboff, waliipa hali hiyo jina la misofonia. Hili si kosa la dini wala upungufu wa mapenzi.

Lakini kilichonisumbua akilini ni kitu kingine. Mimi nimekulia kwa bibi, katika kijiji cha Wagogo, na ngoma naipenda. Mnaojua muheme mnafahamu jinsi wanawake wanavyozibana ngoma zile mapajani na kuzipiga mpaka kifua chako kitetemeke. Nikiwa hapo sitamani kuondoka. Sasa inakuwaje ngoma kumi nizifurahie, halafu mfuniko mmoja wa sufuria unitoe machozi?

Jibu nililikuta katika kazi ya wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, waliochapisha kitabu chao mwaka 1972. Waliwapa watu kazi za kufanya huku wakiwasikilizisha makelele yanayokuja ghafla bila mpango. Baadhi yao walionyeshwa kitufe wakaambiwa, “Ukizidiwa, bonyeza, kelele zitakoma, ila tungependelea usibonyeze.” Wengi hawakukibonyeza kabisa. Walisikia makelele yale yale, kwa nguvu ile ile. Hata hivyo, walipopewa kazi nyingine baadaye, walikuwa na subira zaidi na makosa machache kuliko wale wasio na kitufe. Kumbe kinachomvunja mtu si ukubwa wa sauti peke yake, bali ni kujua kwamba hana njia ya kutoka.

Kwenye ngoma, nikichoka naondoka. Siku ile ya mvua nilikuwa na watoto wawili, mlango umefungwa, na hakuna wa kunipokea. Tangu nilielewe hilo niliacha kutafuta namna ya kuwanyamazisha watoto, nikaanza kutafuta kitufe changu.

Nilianza na nyumba. Bibi yangu aliishi katika tembe, lenye kuta nene za udongo na udongo juu ya paa. Mle ndani wajukuu tulipiga kelele usiku na mchana na sauti ikamezwa. Sisi tumejenga kwa simenti, vigae na bati, vitu vigumu ambavyo vinairudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira. Dari bado hatujaiweza, fedha haijapatikana. Lakini nilitundika mapazia mazito, nikatandika mkeka na juu yake blanketi kuukuu pale wanapochezea, na kiti cha sofa tukakisogeza kwenye ukuta uliokuwa mtupu. Sitakudanganya kwamba kelele zimekwisha. Ule mwangwi uliokuwa unanichoma ndio umepungua.

Redio nayo nikaizima wakati hakuna anayeisikiliza. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti yake bila hata kujijua. Basi tunawasha redio, mtoto anapaza sauti, mama anapaza sauti kumzidi mtoto, halafu tunashangaa nyumba imekuwa stendi ya mabasi!

Mifuniko ya sufuria niliipandisha juu ya kabati. Badala yake nikawapa dumu tupu la plastiki, magunzi na vibuyu. Ila kila siku saa kumi jioni mifuniko inashuka, tunatoka nje chini ya mwarobaini, nao wanapiga watakavyo. Nje hakuna kuta, sauti inakwenda zake na upepo wa Dodoma. Mimi hukaa hatua kadhaa pembeni nikichagua mchele. Zile kelele zile zile, kwa kuwa najua zinaanza saa ngapi na zinakwisha saa ngapi, hazinipigi kichwani. Siku nyingine hata mimi nachukua mfuniko.

Tulianza pia mchezo wa ngoma kubwa na ngoma ndogo. Nikiinua mkono wanapiga kwa nguvu, nikiushusha wanapiga polepole hadi kidole kimoja. Mtoto wa miaka miwili au mitatu ukimwambia “punguza sauti” mara nyingi hajui apunguze vipi, maana kujizuia ni jambo ambalo ubongo wake bado unajifunza. Wa kike bado hajaelewa mchezo huu, yeye anapiga tu.

Kuna yaliyoshindikana. Pamba masikioni haikunisaidia kitu. Vizibo vya sponji, vile wanavyotumia wafanyakazi wa mashine, vilinifaa zaidi. Nasikia bado mtoto akilia, ila ule ukali umekatwa. Sivivai ninapokuwa nina jiko la mkaa limewaka au ndoo ya maji wazi, wala ninapowaogesha.

Neno moja kuhusu mtoto anayepiga kelele kupita wenzake. Usikimbilie kusema ni mtundu. Mtazame masikio. Mtoto mwenye usaha masikioni, au anayeugua mafua ya mara kwa mara, huenda hasikii vizuri, ndiyo sababu anapayuka. Mpeleke kituo cha afya wamwangalie.

Jambo lililonisaidia kuliko yote halikununuliwa. Nilirudi kwa baba yao siku nyingine, jioni, watoto wamelala, nikamweleza habari ya kofi na jinsi mtoto anavyotazama mikono yangu. Safari hii hakucheka. Tulikubaliana kwamba nikimwambia “nakwenda kuangalia kuku,” anawachukua bila kuuliza. Kuku hatuna. Na mchana asipokuwepo, ni yule yule jirani aliyenitania Mirembe anayenipokea nusu saa, nami nampokea wajukuu wake Jumamosi. Kama niko peke yangu nimezidiwa, nawaweka mahali salama pasipo moto wala maji, nasimama mlangoni ninapowaona, na kuvuta pumzi mpaka mikono itulie. Lakini ukiona kila siku unaogopa kwamba utamdhuru mtoto, au usingizi na hamu ya kula vimekuacha, mama yangu, nenda ukamwone daktari mapema, na ikiwa atakuelekeza Mirembe, nenda. Ni hospitali kama nyingine.

Nilimwomba mwanangu msamaha. Wazee watasema mzazi haombi msamaha kwa mtoto wa miaka mitatu, nami nawaheshimu, ila kwa hili sikubaliani nao. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamwambia mama alikosea kumpiga. Hakujibu kitu, aliendelea kupanga magunzi yake. Ilichukua wiki kadhaa. Juzi, saa nane mchana, alikuja jikoni akasimama mbele yangu na kuuliza kama saa ya ngoma imefika. Nikamwambia bado. Akaondoka huku analalamika kwa sauti kubwa mpaka uani.