Maktaba za Vyuo Vyetu Zinajazwa, Hazijengwi

Jamani wapenzi wa fasihi, leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu ninaowaheshimu: wakuu wa vyuo, maafisa ugavi na baadhi ya wakutubi. Nasema hivi: maktaba nyingi za vyuo vyetu hazijengwi, zinajazwa tu. Na inayoumia zaidi ni fasihi ya Kiswahili.

Kabla hujanibishia, fanya jaribio moja. Ingia maktaba ya chuo kilicho karibu nawe, ulizia shelfu ya 896.392. Hiyo ndiyo namba ya fasihi ya Kiswahili katika mfumo wa Dewey. Kama chuo kinatumia mfumo wa Library of Congress, tafuta PL8704. Hesabu vitabu vilivyopo. Angalia kile kipya kuliko vyote kimechapwa mwaka gani. Halafu nenda shelfu za kompyuta, uhesabu vitabu vinavyofundisha Windows 98. Nimefanya hesabu hiyo katika vyuo viwili nilivyofundisha fasihi, na kote kuwili Windows ilishinda.

Kwani kuna tofauti gani kati ya kujaza na kujenga? Kujenga kunaanza na karatasi: waraka unaosema chuo kinafundisha nini, wanaosoma ni akina nani, vitabu gani vinunuliwe na nakala ngapi, nani anaamua, na kitabu kiondolewe lini. Mwalimu anapendekeza. Mkutubi analinganisha na kilichopo. Fedha inatengwa, kitabu kinanunuliwa, kinaingizwa kwenye orodha, kinafika shelfuni kabla muhula haujaanza. Mwaka ukiisha, mtu anakaa chini na kuangalia kipi kimeazimwa sana, kipi kimechakaa, kipi kinahitaji nakala ya pili. Haya si mageni. S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras kule India, aliyapanga katika kanuni 5 mwaka 1931, na ya kwanza ni kwamba kitabu kipo ili kitumiwe. Hakusema popote kwamba maktaba ipimwe kwa wingi wa vitabu.

Sisi tunaipima hivyo hivyo. Ukaguzi ukikaribia, chuo kinashikwa na homa: vitabu viko vingapi, viti vingapi, mwanafunzi mmoja anaangukiwa na vitabu vingapi? Hakuna anayeuliza ni vitabu gani. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata jengo jipya la maktaba kwa msaada wa China, na habari iliyovuma ni kwamba lina nafasi ya vitabu laki 8. Jengo ni zuri, sina neno nalo. Ila nafasi ni kitu kimoja na vitabu ni kitu kingine. Swali la nani anachagua vitabu, na kwa fedha ipi, halikupigiwa makofi na mtu.

Sasa, ukitaka idadi ya haraka, njia ya mkato ni msaada. Kontena linafika, maboksi yanapakuliwa, picha zinapigwa, mkuu wa chuo anatoa neno la shukrani. Ndani ya maboksi kuna nini? Katika chuo kimoja, ambacho sikitaji, tulipokea vitabu vya uhasibu vya kodi za Marekani, nakala 14 za kitabu kilekile, pamoja na miongozo ya kumtunza mbwa. Chuo cha ualimu hicho! Vyote vikapigwa mhuri, vikaandikwa namba, vikapangwa. Wakati huohuo Nagona ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990 na iliyokuwa kwenye orodha yangu ya kusomwa, ilikuwa nakala moja tu, imefungiwa kabatini nyuma ya meza ya mkutubi, haruhusiwi mtu kutoka nayo. Wanachuo waliisoma kwa kopi za steshenari iliyo nje ya geti, kopi iliyotolewa kwenye kopi, kurasa nyingine zimekatwa maneno pembeni.

Najua nitakavyojibiwa: bora nusu shari kuliko shari kamili, vya bure huwezi kuvichagua. Hebu tupige hesabu ya hicho cha bure. Kuna gharama za bandarini na za lori. Kuna siku za mkutubi, ambaye mara nyingi yuko peke yake, za kuandika namba na kubandika lebo. Kuna shelfu, ambazo ni fedha, na vumbi, ambalo halina likizo. Kitabu kisichoombwa na mtu kinakula nafasi na kazi ya kitabu kilichoombwa. Wapo wafadhili wanaouliza kwanza chuo kinahitaji nini. Hao tuwapokee kwa mikono miwili. Wengine tuwaambie asante, hapana. Kukataa si utovu wa adabu.

Tatizo la pili ni kuondoa. Kitabu kikishapigwa mhuri kinakuwa mali ya chuo, na mali ya chuo ina mkaguzi wake. Mkutubi anaogopa kuulizwa kimekwenda wapi, kwa hiyo hakitoki hadi mchwa waamue. Basi ikitokea amri ya "kusafisha", kinachotupwa ndicho kisichopaswa kuguswa. Nimeona kwa macho yangu rundo la majarida ya zamani ya Kiswahili likitolewa kwa sababu yamechanika majalada, huku vile vya kodi za Marekani vikibaki kwa sababu bado vinang'aa. Mnajua jarida la Kiswahili, linalotolewa sasa na TATAKI, mizizi yake inarudi mwaka 1930? Toleo la zamani likipotea katika chuo cha mkoani, wanachuo wa pale hawana pa kulipata tena. Kitabu cha kodi kikipotea, dunia nzima ina nakala nyingine. Kanuni ingekuwa rahisi tu: kilichopo kila mahali kitoke kwanza, kisichopatikana kwingine kisitoke kamwe, hata kama hakina jalada. Kishonwe, kipigwe picha, kiwekwe.

Nisikilizeni vizuri hapa. Tangu mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi. Kazi yake ni kukusanya machapisho ya nchi zetu, riwaya, diwani, magazeti, ripoti, na kuyapeleka kwao, pamoja na maktaba za vyuo vikuu vya Marekani zilizojiunga na mpango huo. Siwalaumu hata kidogo. Wana waraka, wana fedha, wana mtu anayejua anatafuta nini. Ninachouliza ni hiki: inakuwaje wao watume mtu kutafuta diwani iliyochapwa Tanga, na chuo kilicho mwendo wa saa moja kutoka Tanga kisitume hata barua?

"Hatuna bajeti." Ipo, tena ndogo, lakini inakwenda kwa mzabuni anayeleta vitabu vya kiada vya jumla kwa sababu ankara yake ni moja na ni rahisi kuidhinisha. Kule Norway, tangu mwaka 1965 serikali hununua nakala za vitabu vipya vya fasihi ya nchi hiyo na kuzigawa maktabani. Msiseme hayo ni ya matajiri. Hapa Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 ulikuwa ukimhakikishia mchapishaji ununuzi wa sehemu ya nakala, kisha vitabu vinapelekwa shuleni. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vilitoka. Tunajua dawa inafanya kazi.

Vyuo vya ualimu vya serikali peke yake ni zaidi ya 30. Kila kimoja kikinunua nakala 10 za riwaya mpya, ni nakala 300 zilizouzwa kabla wino haujakauka. Kwa mchapishaji mdogo huo si mchezo. Leo mchapishaji huyo anakwepa riwaya isiyo kwenye mtaala kwa sababu hana mnunuzi wa uhakika, halafu sisi tunakaa kwenye makongamano tukilia kwamba waandishi wamekufa. Waandishi wapo. Tumewanyima shelfu.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, nayo hayahitaji jengo jipya. Kila chuo kiwe na waraka wake wa kukusanya vitabu, ubandikwe mlangoni tuusome. Sehemu maalumu ya fedha za vitabu, hata iwe robo, itengewe vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa hapa Afrika Mashariki. Na kisiondolewe kitabu wala jarida la Kiswahili mpaka mwalimu wa somo aweke saini.

Nanyi wasomaji, mkitoka kwenye ile shelfu ya 896.392, msiondoke kimyakimya. Andikeni majina ya vitabu mlivyovikosa, orodha hiyo mumpe mkutubi na nakala yake kwa mkuu wa chuo. Wiki ijayo rudini mkaulizie.