TONGONI SI YA WAGENI PEKE YAO

Watumishi wengi wa Serikali na walimu hufika Tanga kwa shughuli za kikazi. Huja kwa semina, kwa mikutano, kwa ukaguzi na kwa usahihishaji wa mitihani. Hushuka kwenye basi, hulala, huingia ukumbini, husaini karatasi ya posho, na kikao kikiisha hugeuza njia walikotoka. Ukiwauliza wameona nini Tanga, watakutajia ukumbi wa mkutano na kituo cha mabasi.

Tanga ina usemi wake mashuhuri: waja leo, waondoka leo. Wenyeji huutamka kwa kicheko, maana wanajua kwamba mgeni aliyekwisha kuonja ukarimu wao huchelewa kuondoka. Lakini kwa ndugu zetu hawa usemi huo umekuwa kweli tupu. Huja leo na huondoka leo, na makaburi ya Tongoni, yaliyo kiasi cha kilomita 17 tu kusini ya mji kwenye njia ya Pangani, hubaki na upepo wa bahari.

Tunaona ni wajibu wetu kulisema jambo hili waziwazi. Mtu aliyesoma, mwenye likizo ya haki yake na siku mbili za mapumziko kila juma, anapoishi nchini miaka thelathini bila ya kuyaona mambo makubwa ya nchi yake, hasara si yake peke yake. Hasara ni ya watoto anaowafundisha, na ni ya mambo yenyewe yasiyotembelewa.

Kwa wasiopajua, Tongoni ni mahali penye magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi yapatayo arobaini, ya karne ya 14 na ya 15. Mengi yalijengewa nguzo ndefu za mawe upande wa kichwani, na inaaminiwa kwamba hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya namna hiyo pamoja. Wajenzi walipamba kazi yao kwa bakuli za kaure zilizotoka China, wakazipachika katika chokaa. Leo bakuli hazipo, ila vishimo vyake vya duara vingali vinaonekana. Mtu akikitia kidole kishimo kimoja anapata somo la biashara ya Bahari ya Hindi ambalo kitabu hakiwezi kulitoa kwa uzito ule.

Zamani pwani hiyo ilijulikana kwa jina la Mtangata, na jina hilo limo katika habari za safari ya Vasco da Gama. Mwezi wa Aprili 1498 jahazi lake moja, São Rafael, lilikwama katika miamba ya maji ya hapo. Wenyeji waliliendea kwa mitumbwi wakiwa na machungwa, na Mreno aliyeiandika safari ile alikiri kwamba yalikuwa mazuri kupita ya kwao. Januari 1499, wakati wa kurudi, mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, na waliosalia hawakutosha kuendesha majahazi yote. Basi São Rafael likachomwa moto papo hapo. Watu wa Mtangata walikuja tena, safari hii na kuku wa kuuza.

Watoto wetu wengi wanalijua jina la Vasco da Gama. Ni wangapi wanaojua kwamba katika kisa chake wamo watu wa Tanga, wenye mji, wenye msikiti, wenye machungwa na wenye bei ya kuku wao? Mwalimu aliyesimama Tongoni hatalifundisha somo hilo kana kwamba historia yetu ilianza siku Mreno alipoiona pwani. Nguzo zile zilikuwa zimesimama kabla hajafika.

Yako mazoea ya kudhani kwamba kutembelea mambo ya kale ni kazi ya wageni kutoka ng'ambo, wenye kofia pana na kamera shingoni. Mazoea hayo ni ya hatari. Nguzo nyingi za Tongoni zimekwisha kuanguka. Matumbawe na chokaa huliwa na chumvi, mvua na mizizi ya miti, na ukuta uliostahimili miaka mia tano unaweza kumalizwa na uzembe wa kizazi kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Hata hivyo sheria haiwezi kukesha makaburini. Kinacholinda jambo la kale ni watu wengi wanaolijua, wanaolionea fahari na wanaouliza likiharibika. Wahenga walisema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Nasi tunaongeza kwamba asiyepajua kwao hawezi hata kupakataa, maana hajui anachokipoteza.

Wapo watakaojibu kwamba matembezi yanataka fedha. Hatukatai, mshahara una mambo mengi ya kuukabili. Lakini mara nyingi kinachopungua si fedha bali mpango. Mtu hutumia siku mbili za mapumziko na sehemu kubwa ya posho bila ya kujua zilikwenda wapi, kisha husema hana uwezo wa kutembea. Siku mbili zilizopangwa vizuri zinatosha kwa Tanga, na wala hazidai anasa.

Atokaye Dar es Salaam ana safari ya kiasi cha kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera. Aondoke Ijumaa mapema, afike kabla ya usiku, alale mjini. Jumamosi asubuhi, jua lingali pole, aelekee Tongoni. Magari ya abiria yaendayo Pangani hupita njia hiyo, na watu watano wakichanga wanaweza kukodi gari kwa nafuu. Alipe kiingilio na kudai stakabadhi. Kiingilio cha raia huwekwa chini kuliko cha mgeni, kwa hiyo hakuna sababu ya kukikwepa. Akumbuke pia kwamba amekuja makaburini. Avae kwa heshima, asipande juu ya kuta, asiandike jina lake juu ya jiwe, wala asichukue hata kipande cha kigae.

Wakati wa kurudi apite Machui. Katika kijiji cha Vibambani, hapo Machui, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Alikuwa mtumishi wa Serikali kama wasomaji wetu wengi. Mchana alifanya kazi ya karani, na muda uliosalia aliandika vitabu vilivyokikuza Kiswahili, hadi alipofariki mwaka 1962. Mwalimu wa Kiswahili anayefika Tanga kila mwaka bila ya kukanyaga Machui ana deni, na anajua ni nani anayemdai.

Mchana wa Jumamosi ni wa mji wenyewe. Boma la Wajerumani linayo makumbusho ya historia ya Tanga. Reli ya kwanza katika Tanganyika ilianzia hapa mwaka 1893, na mwaka huo huo Mjerumani Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida. Ni miche 62 tu iliyofika hai, ikapandwa karibu na Pangani, na kutokana nayo yakaenea mashamba yaliyoubadili mkoa wote na kuwavuta vibarua kutoka mbali. Mwanzoni mwa Novemba 1914 askari wapatao 8,000 walioletwa na Waingereza kutoka India walishushwa katika ufuko wa Tanga, wakashindwa na jeshi dogo la Wajerumani lililokuwa na askari wengi Waafrika. Nyuki walioghadhibishwa na risasi waliwavamia watu katika mapigano hayo, na hata leo vita hivyo hutajwa kwa jina la nyuki. Makaburi ya waliokufa yamo mjini. Ni vema kusimama hapo kidogo, kuwafikiria watu wa mabara mawili waliouana kwa ugomvi wa bara la tatu.

Jumapili asubuhi inatosha kwa mapango ya Amboni, kiasi cha kilomita nane kaskazini ya mji. Avae viatu visivyoteleza, amfuate mwongozaji, wala asiachane naye gizani. Kisha arudi mjini, ale, apande basi. Atakayetamani kuongeza Pangani katika siku hizo hizo tunamshauri aiache kwa safari nyingine. Anayetaka kuona kila kitu kwa siku mbili huishia kuona madirisha ya gari.

Sasa tuseme juu ya chakula, maana safari bila ya chakula chema ni adhabu. Hapa pia lipo la kujirekebisha. Mtumishi anafika Tanga, mji uliozungukwa na bahari na minazi, anaketi mkahawani na kuagiza chipsi na kuku, chakula kile kile alichokiacha kwao. Wakati huo huo, hatua chache kutoka alipoketi, mama lishe anapakua wali wa nazi na changu wa kupaka, au pweza aliyepikwa kwa mchuzi wa nazi hadi akalainika. Asubuhi zipo mbaazi za nazi na mahamri. Jioni, katika barabara za Ngamiani, zipo mishikaki, mihogo, na kahawa chungu kwa kashata. Machungwa ya Muheza, msimu wake ukifika, yanamthibitishia mlaji kwamba yule Mreno wa 1498 hakusema uongo.

Mkahawa mzuri haupimwi kwa kitambaa cha meza. Upimwe kwa usafi wa mpishi, kwa wingi wa wenyeji wanaokula hapo, na kwa samaki aliyevuliwa usiku uliopita. Mgeni awaulize wenyeji wanakula wapi Ijumaa baada ya sala, hatapotezwa. Fedha atakayoiacha hapo itamfikia mvuvi, mkwezi na mkulima wa mbaazi. Huo ni utalii unaomnufaisha mwananchi siku ile ile, pasipo kungoja ndege ya kutoka ng'ambo.

Wanaosimamia mambo haya nao wana la kutenda. Mahali pa historia panataka kibao kilichoandikwa kwa Kiswahili fasaha, mwongozaji aliyefunzwa, kivuli cha kupumzikia, maji na choo safi. Panataka pia kwamba vijana wa Tongoni wenyewe wawe wa kwanza kufunzwa kazi ya uongozaji. Kijiji kinachopata riziki kutokana na nguzo hakitakubali nguzo ianguke. Na waandaaji wa semina wakiacha nusu siku moja katika ratiba yao kwa matembezi, hakuna kikao kitakachoharibika kwa hilo.

Kwa walimu tunaongeza neno moja. Kwanza nendeni wenyewe, kabla ya kuwapeleka wanafunzi. Safari ya shule inayoongozwa na mwalimu asiyepajua mahali huwa ni matembezi ya kula biskuti. Mwalimu aliyekwisha kufika, akapima nguzo kwa hatua zake, akazungumza na wazee wa kijiji, atawaandalia wanafunzi maswali ya kujibu, na watarudi na kitu zaidi ya picha.

Tunatoa wito, basi, kwa kila mtumishi atakayepata kazi Tanga mwaka huu: ongeza siku moja yako mwenyewe. Asubiri basi la kesho. Msikiti wa Tongoni hauna paa, na makaburi yake hayana wa kuyasemea ila sisi. Usemi wa wenyeji urudi katika maana yake ya kicheko: aje leo, na kuondoka kwake kumwie vigumu.