Kalvati Ina Mabwana Wengi, Haina Mtunzaji



Kila mvua kubwa inapokwisha twasikia maneno yale yale. Mabwana wakubwa hufika, husimama ukingoni mwa barabara iliyokatika, hupigwa picha, kisha hutangazwa mamilioni ya kujenga upya. Siku hizi limeongezwa neno jingine: ati barabara, madaraja na visima vya mashambani vitajengwa kwa namna ya kustahimili mabadiliko ya tabianchi. Neno hilo sisi hatulipingi. Barabara inapokatika ni mama mjamzito wa kijijini anayekosa kufika hospitali, na ni maziwa ya mkulima yanayomwagwa. Lakini kabla wanachama wetu hawajapewa majembe na karai, twataka kuuliza jambo moja. Kalvati ikiisha kujengwa, na bwana mkubwa akiisha kukata utepe, ni nani atakayeisafisha?

Swali hili si dogo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa kishindo katika kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, yakachukua nyumba na watu waliokuwa wamelala. Waliokufa walizidi 45. Mwanzoni ilisemwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa la kujengwa na mtu. Maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia ya maji iliyopita chini ya tuta hilo ilikuwa imezibwa na matawi, mawe na udongo. Tuta likageuka kuwa bwawa, likashindwa, likaachia.

Mfanyakazi wa barabara akiyasikia maelezo hayo huyaelewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ameona kalvati zilizozibwa maisha yake yote. Anajua kwamba tundu likiisha kujaa nusu, mvua ijayo italijaza lote. Na kwamba maji yakikosa tundu hupita juu ya barabara, na yakipita juu hula udongo wa upande wa pili mpaka barabara nzima inaanguka.

Wataalamu nao wametueleza kwa nini mambo yanazidi kuwa magumu. Joto la hewa likipanda kwa digrii moja, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo mvua inapoamua kunyesha hunyesha nyingi kwa saa chache. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilifuatana ikishindwa katika wilaya kavu za kaskazini na mashariki, ardhi ikakauka na majani yakaisha. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko juu ya ardhi ile ile tupu, na mvua za masika za 2024 zikafuata. Kalvati iliyopimwa kwa mvua za babu zetu sasa inaombwa ipitishe maji ambayo aliyeichora hakuyawaza.

Kwa hivyo ni kweli kwamba mabomba makubwa zaidi yanatakiwa, na madaraja yaliyo juu zaidi. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi, mahali ambapo maji yalikuwa yakipita juu ya barabara, na watu zaidi ya 30 wakazama. Hapo hakuna jembe lingalosaidia, palitaka daraja. Hatusemi kwamba kila kitu ni kusafisha. Twasema kwamba kujenga peke yake ni nusu ya kazi, na nusu ya pili haina mwenyewe.

Tutazame basi mabwana wa barabara ni akina nani. Katiba ya 2010 ilisema barabara kuu ni za Serikali ya Taifa na barabara za Kaunti ni za Kaunti. Lakini ipo pia Halmashauri ya Barabara za Mashambani, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, ambayo nayo hufanya kazi katika maeneo ya Ubunge. Maji yanayotoka barabarani ni ya ofisi nyingine. Mto yanapoingia ni wa ofisi nyingine tena. Shamba lililo kando ni la mkulima, na Afisa wa Kilimo ana maneno yake. Fedha za tabianchi nazo zina njia yao: upo mpango wa kupeleka fedha hizo mpaka mashinani, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2021, wenye kamati za kupanga mambo hayo katika kila Wadi. Hesabu ndugu, utachoka kabla hujafika kwa mtu mwenye sepetu.

Na mabwana hao hawapatani. Magavana na Wabunge walipelekana kortini juu ya Shilingi bilioni 10.5 za mfuko wa kutengeneza barabara. Fedha hizo hutoka kwetu. Kila lita ya petroli au dizeli ina kodi ya barabara ndani yake. Ilikuwa Shilingi 18, na Julai 2024 ikapandishwa kuwa 25. Kibarua asiye na hata baiskeli huilipa anapopanda matatu na anaponunua unga ulioletwa kwa lori. Mwaka 2025 Serikali iliamua kuweka Shilingi 7 katika hizo 25 kuwa dhamana ya kupata fedha za kuwalipa makontrakta madeni yao ya zamani. Vema, mwenye deni alipwe. Ila tunauliza: kontrakta alipokuwa hajalipwa aliwaambia vibarua wangoje, na wengine wakangoja mpaka wakaondoka kwenda kutafuta kazi pengine. Je, hundi ya kontrakta ilipotoka, ni nani aliyewatafuta vibarua hao?

Watu wengine watasema Chama kinaota. Hatuoti, kwa maana jambo tunalolitaka lilifanywa katika nchi hii hii. Mwaka 1974 ulianzishwa mpango wa barabara za mashambani ambao zilijengwa kwa mikono ya watu: majembe, sururu, sepetu, toroli, na trekta za kuvuta changarawe. Zilijengwa zaidi ya kilomita 7,000 kwa njia hiyo. Shirika la Kazi la Dunia lilisaidia, na nchi nyingine zilileta watu wao Kisii kujifunza katika chuo kilichoanzishwa kwa kazi hiyo. Lakini lililo kubwa kwetu ni lililofuata baada ya kujenga. Mtu aliyekaa kando ya barabara, mara nyingi mmoja wa walioijenga, alipewa kipande chake cha kilomita moja au mbili akitunze. Alifyeka majani, alizibua kalvati, alirudisha changarawe penye shimo, alipanga vizuizi vya mawe ndani ya mtaro ili maji yasikimbie na kuchimba. Alifanya siku chache kila juma, akalipwa kwa mwezi. Watu walimjua. Kalvati ikizibwa, walijua mlango wa kubisha.

Mpango ule uliharibiwa na nini? Haukuharibiwa na uvivu wa mtu mweusi kama walivyopenda kusema zamani. Fedha za kutengeneza barabara zilipungua, malipo yakachelewa, na mtu asiyelipwa hawezi kuendelea kuzibua kalvati kwa mapenzi ya nchi. Baadaye kazi ikapewa makontrakta. Siku hizi zipo kandarasi ambazo kontrakta hulipwa kila mwezi kwa kuiweka barabara katika hali njema, na hilo si baya, ni afadhali kuliko kulipwa mara moja na kutoroka. Lakini huyo anayeinama ndani ya kalvati ni kibarua wa kontrakta, anayeajiriwa asubuhi na kuachwa jioni.

Hapa tunaomba wanachama wasome kwa makini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi siku zinazofuatana zikafika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika kwa miezi mitatu, basi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa kutwa. Ana haki ya kufuatwa na masharti ya mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi. Sasa twauliza mabwana, kazi ya kuizuia mvua isile barabara humalizika lini? Mvua haina mwezi wa kustaafu. Kama tabianchi imebadilika kwa muda wote ujao, kama wanavyotuambia, basi kazi hii nayo ni ya muda wote, na hakuna tajiri anayeweza kuiita ya kutwa. Kadhalika mtu anayeingia katika mtaro wakati wa mafuriko hujitia hatarini. Iko sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, nayo ya 2007, na inamhusu yeye sawa na mtu wa kiwandani. Buti na kofia si zawadi.

Yako mengine ambayo wachora ramani hawayaoni mpaka waonyeshwe. Mtaro wa barabara lazima utolewe maji kando kila baada ya hatua kadhaa, la sivyo maji hujikusanya mtaroni na kuchimba korongo. Mfanyakazi huchimba njia ya kuyatoa, nayo huelekea shambani mwa mtu. Mwenye shamba, akiona udongo wake unachukuliwa, huja usiku akaiziba. Asubuhi nyapara humlaumu mfanyakazi. Ugomvi huu uko kila mahali penye mteremko, na mwaka hadi mwaka unaharibu barabara nyingi bila kuandikwa katika ripoti yoyote.

Lakini huko Makueni na Kitui wameonyesha dawa. Badala ya kumwachia mkulima maji yamharibie, hupelekewa kwa mpango: yanatoka barabarani yanaingia katika mitaro iliyochimbwa kufuata usawa wa mteremko, au katika mashimo ya kupandia migomba na miembe, au katika kibwawa. Mkulima aliyekuwa akiziba sasa anaomba aongezewe. Na penye mito ya mchanga, pale barabara inapovuka hujengwa kivuko cha zege ambacho hushika mchanga upande wa juu, na maji hukaa ndani ya mchanga huo mpaka kiangazi, watu wakachimba wakateka. Barabara imekuwa kisima. Hakuna mashine ya ajabu katika jambo hili. Kinachotakiwa ni mtu wa barabara, mtu wa maji na mtu wa kilimo watembee pamoja kwa miguu kabla ya kuchora, wakiwa na mkulima na mfanyakazi anayeijua njia hiyo wakati wa mvua.

Hilo ndilo tunaloliita kupatanisha kazi. Mikutano ya hotelini, yenye chai na karatasi za rangi, hatuikatazi, lakini haijazibua kalvati hata moja.

Kwa hivyo Chama kinasema waziwazi. Kila mradi wa kustahimili tabianchi unaopita mashambani, uwe wa Serikali ya Taifa au wa Kaunti, uwe na daftari moja tu la kalvati, madaraja na vivuko, lenye namba ya kila kimoja na jina la mtu anayekitunza na ofisi inayomlipa. Sehemu ya fedha iwekwe kando tangu siku ya kwanza kwa utunzaji, isiguswe kwa kujengea. Watunzaji waandikwe kazi kwa mwezi kama sheria inavyotaka, na wachaguliwe kutoka kwa watu wanaokaa kando ya barabara, wanawake wakiwamo, kwa maana wao ndio wanaovuka mito hiyo na mitungi. Na katika kamati za Wadi zinazopanga fedha za tabianchi, mfanyakazi wa barabara apewe kiti. Tumewahi kuambiwa ati mfanyakazi hajasoma mambo ya tabianchi. Mwenye kujua ni kalvati ipi hujaa kwanza ana elimu ambayo hao wengine wanailipia posho.

Mabomba nayo yaangaliwe. Bomba la sentimita 60 mtu aweza kulizibua kwa sepetu yenye mpini mrefu. Lile jembamba kuliko hilo ni rahisi kununua, lakini likijaa halifikiki, na mwishowe huchimbuliwa na kutupwa. Tajiri anayeokoa shilingi hapo anaitupa barabara.

Wako watakaosema greda hufanya kwa siku moja kazi ya watu wengi. Ni kweli, na barabara yenye malori mengi haiwezi kuishi bila greda. Lakini greda haiingii ndani ya kalvati. Tena mara nyingi inapopita husukuma udongo ukaziba mdomo wa kalvati, na dereva akaenda zake.

Sasa ni zamu ya Matawi. Kabla ya mvua za Machi kila Tawi lichague barabara moja ambayo wanachama wake hupita kwenda kazini, waihesabu kalvati kwa kalvati, waandike mahali ilipo, upana wa bomba, kama iko wazi au imezibwa, na jina la aliyeisafisha mara ya mwisho na kama alilipwa. Palipo hapana jina liandikwe neno HAKUNA. Karatasi zitumwe kwa Katibu, naye atazipeleka mbele ya ofisi ya barabara ya Kaunti na ile ya Halmashauri kwa siku moja, ili asiwepo wa kusema hakuziona. Mwanachama asiyejua kuandika amweleze Katibu wa Tawi lake kwa mdomo, naye ataandika.