Projekta Mpya, Mhadhiri Yule Yule

Wewe uliye chuoni, hebu niambie: darasa lenu liliponunuliwa projekta, ni nini kilibadilika? Najua jibu la wengi. Noti alizokuwa mhadhiri akiwasomea kwenye karatasi, sasa anawasomea ukutani. Stima zikipotea, somo limeisha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, lakini nilikaa vya kutosha kuona maabara ya kompyuta ikifunikwa nailoni muhula mzima. Mashine zilikuwa mpya kabisa. Hakuna aliyewaonyesha wahadhiri wazifanyie nini katika masomo yao, basi.

Na huu si mchezo. Hapa Kangundo kuna wazazi wanaolipa karo kwa pesa za kahawa, na unajua zinavyochelewa. Mzazi akiuza kilo baada ya kilo ili mtoto wa miaka 21 akaandikishwe imla, ameibiwa.

Tuseme mhadhiri wako anafunza uhasibu, na amefunzwa vizuri kutumia teknolojia. Anajirekodi kwa simu dakika 10 akieleza jinsi ya kusawazisha hesabu. Unatazama usiku, hata mara tatu, bila wenzako kukucheka. Kabla ya kipindi anawatumia maswali matano, kwa hivyo akiingia darasani tayari anajua nusu yenu mmekwama kwenye uchakavu wa mali. Saa mbili za darasa haziishii kwenye kunakili. Mnafanya hesabu za kibanda cha M-Pesa pale stejini: floti, kamisheni, pesa taslimu. Tena anajua kupunguza ukubwa wa video, maana bando si maji.

Hayo huyapati kwenye warsha ya siku mbili hotelini Naivasha, ambako mtu hurudi na cheti, fulana na marupurupu. Yanataka muhula mzima, mhadhiri akitumia somo lake mwenyewe, na mtu anayejua kazi akikaa nyuma ya darasa kumkosoa. Na apunguziwe vipindi. Yule anayelipwa kwa saa, anayekimbia kati ya vyuo vitatu, atajifunza lini?

Tumeshapitia haya. African Virtual University ilipoanzishwa 1997 kwa msaada wa Benki ya Dunia, masomo yalirushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya ng'ambo, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa miongoni mwa waliopokea. Baadaye makao yake yalihamia Nairobi, ikageukia wahadhiri wa nchi 10 za Afrika ili waandae masomo yao wenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoanza kueleweka, kwa maoni yangu.

Sasa tuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa Konza Agosti 2023, ambacho masomo yake ni ya mtandaoni. Mhadhiri asiyejua kufundisha kwa mtandao hana pa kujificha hapo. Kwingineko bado anaweza kujificha nyuma ya projekta.

Usiniambie eti wazee hawashiki teknolojia. Wazee hao hao walishika M-Pesa tangu 2007, kwa sababu waliona faida yake siku ya kwanza.

Kwa hivyo mkuu wa chuo akiwaita mkutanoni kuwatangazia kompyuta mpya, mwakilishi wenu ainue mkono aulize: ni wahadhiri wangapi wamefunzwa kuzitumia, kwa wiki ngapi, na ni nani aliyelipia muda wao?