Manemane si Uchawi

Muhula uliopita nilijikata kidole kwa panga tukifyeka nyasi nyuma ya bweni. Nilikiosha kwa maji na sabuni, nikatoa kikopo alichonipa nyanya kule Wajir, nikaponda chembe ya manemane, nikaikoroga kwa maji na kupaka. Wee! Bweni zima likaangua kicheko. Ati, "Mganga amefika!" Jina hilo limenigandama hadi leo kuliko hata dawa yenyewe.

Sasa nauliza, uchawi uko wapi hapo? Manemane ni utomvu wa mti mfupi wenye miiba uotao katika nchi kavu ya Wajir na Mandera. Wasomali huuita malmal. Gome likichanjwa, utomvu huchuruzika, hukauka na kuwa madonge ya hudhurungi, machungu kama shubiri. Wamisri wa kale waliutumia kuhifadhi maiti. Katika maabara umeonekana kuzuia baadhi ya bakteria, na mwaka wa 1996 wataalamu kutoka Italia waliandika katika jarida la Nature kwamba una vitu vilivyopunguza maumivu walipovijaribu kwa panya. Huko Ulaya huuzwa dukani kama dawa ya fizi. Akiuza Mzungu ni dawa, akitoa nyanya ni uchawi! Haki iko wapi, jamani?

Hata hivyo, sitamtetea nyanya kwa kila jambo. Binamu yangu alikanyaga msumari wenye kutu. Wazee wakaziba tundu kwa utomvu bila kuliosha wala kumpeleka zahanati. Siku ya nane taya zikakaza. Pepopunda! Alipona, lakini baada ya wiki nyingi hospitalini, na mpaka leo mama yake akiona msumari hushtuka. Kumbe vijidudu vya pepopunda hustawi pasipo na hewa. Kuziba tundu refu lenye uchafu ni sawa na kumfungia mwizi ndani ya nyumba, kisha ukalala. Hapo kinachotakiwa ni nesi na chanjo, si kikopo changu.

Lakini kwa mchubuko au mkato mdogo uliooshwa vizuri, niacheni na manemane yangu. Na wewe uliyenibandika jina la Mganga, juzi si ulininyemelea usiku na goti ulilochubuka uwanjani? Nilikuambia uoshe kwanza, nikakupaka. Wala sikukucheka.