Kwa nini chumvi ya Katwe inashindwa na ya Malindi Namuwongo

KAMPALA – Katika maduka ya rejareja ya Namuwongo, kando ya reli iendayo Port Bell, pakiti ya chumvi ya mezani aghalabu huwa imetoka pwani ya Kenya, kwenye mabwawa ya Gongoni na Marereni kaskazini mwa Malindi. Imesafiri zaidi ya kilometa 1,000 na kuvuka mpaka. Ziwa la chumvi la Uganda yenyewe, Katwe (lile la wilayani Kasese, si mtaa wa mafundi vyuma wa hapa Kampala), liko kama kilometa 400 tu.

Wapo wanaosema ni suala la ushuru. Ni kweli kwamba Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005, na ushuru wa mwisho kwa bidhaa za Kenya uliondolewa mwaka 2010. Lakini sababu kubwa zaidi iko ndani ya maji, katika namna chumvi inavyogeuka kuwa fuwele.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Yakianikwa juani, chumvi hizo hazigandi kwa pamoja. Chokaa hutangulia, ikifuatiwa na jasi. Chumvi ya kula huanza kuganda maji yakibaki kama sehemu moja ya kumi, na zile chungu za magnesi hubaki majini hadi mwisho. Kwa hiyo mwenye shamba la chumvi huhamisha maji kutoka bwawa moja hadi jingine, kisha huyamwaga yale machungu. Kazi ya kuchambua imefanywa na jua, bure.

Katwe mambo ni tofauti. Ziwa limo ndani ya kreta ya volkano na halina mto wa kutoka. Chemchemi za chumvi huingiza madini, jua huondoa maji, na kila kinachobaki hurundikana. Pamoja na chumvi ya kula, humo mna magadi na salfeti kwa wingi, na fuwele zake huota zikiwa zimechanganyika, pengine katika tabaka moja. Ile safi hukusanywa kwenye vibwawa vya kando wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha huyeyuka tena. Ile ya mawe hung'olewa chini ya ziwa, na soko lake kubwa ni mifugo.

Serikali ilijaribu kulitatua hilo kwa kiwanda kilichojengwa na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1970. Maji hayo makali yalikula mabomba, na uzalishaji ukasimama baada ya muda mfupi. Tangu hapo mipango ya kukifufua imetangazwa zaidi ya mara moja.

Linalostahili kuulizwa ni kama Katwe inapaswa kukimbizana na pakiti ya mezani hata kidogo. Ziwa Magadi la Kenya lina mchanganyiko wa aina hiyohiyo, magadi yakizidi, na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911 imejenga biashara juu ya magadi hayo, yanayotumika kutengeneza kioo na sabuni. Kinachohesabika kuwa uchafu Katwe, kule ndicho bidhaa.

Kwa msafirishaji na mwenye stoo, jambo la kuangalia ni kwamba fuwele haziachi kuumbika baada ya kufungashwa. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi huvuta maji, punje huyeyuka juujuu. Hewa ikikauka huganda tena zikishikana. Ndipo gunia linapokuwa jiwe. Chumvi iliyobakiwa na magnesi huanza kulowa mapema zaidi, na madini joto yaliyoongezwa hupungua.

Namuwongo iko bondeni, karibu na mfereji wa Nakivubo na kinamasi chake, na mafuriko si mageni. Gunia lililowekwa sakafuni msimu wa mvua hunyonya maji kutoka chini hata paa likiwa zima. Mbao chini ya magunia na turubai kavu garini ni gharama ndogo. Na anayenunua kwa kilo chumvi iliyolowa analipia maji: mzigo wa kilo 1,000 wenye maji asilimia 5 una kilo 50 ambazo hazitauzwa.