CHUNUSI ZA UKUBWANI SI HUKUMU YA DHAMBI: WAACHENI DADA ZETU WATIBIWE

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu alayhi wa sallam), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu katika imani, leo sianzi na mwenye chunusi. Naanza na wewe unayemtazama.

Dada ana miaka 28, au 32, au 40. Kidevuni na pembeni mwa taya ana chunusi kubwa, ngumu, zinazouma hata akigusa mto wa kulalia. Anaingia kwenye shughuli, hajakaa vizuri mkekani, ameshaulizwa mbele za watu: "Mbona uso umeharibika hivyo?" Mmoja anasema hizo ni chunusi za kukosa mume. Wa pili anasema ana damu chafu. Wa tatu ananong'ona kuwa huyo ana mambo yake ya siri, dhambi zinamtoka usoni. Wa nne anasema ni jini mahaba, apelekwe akasomewe. Wa tano anafungua mkoba na kumwuzia kikopo cha mkorogo.

Watu watano, wote Waislamu, na hakuna aliyemwambia: "Dada, nenda ukamwone daktari wa ngozi."

Twende hatua kwa hatua.

KWANZA: WEWE UNAYESEMA NI DHAMBI ZINAMTOKA

Tuletee dalili. Ni aya ipi? Ni hadithi ipi? Hakuna. Umeona kipele ukatoa hukumu.

Soma Suratul Hujurat. Katika aya ya 11 Allah anakataza watu kudharauliana na kukebehiana, na amewataja wanawake kwa jina lao wasiwadharau wanawake wenzao. Aya inayofuata inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, na mwenye kusengenya amefananishwa na anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Sasa hesabu. Umemkebehi dada, umemdhania, umemchunguza, kisha umekwenda kumsimulia kwa mwingine. Hayo yote umeyamaliza kwenye shughuli moja, na bado unaona mwenye dhambi ni yeye?

Nabii Ayyub (alayhis salaam) aliugua kwa muda mrefu, naye ni Mtume wa Allah. Utasema na yeye zilimtoka dhambi? Mtume wetu (S.A.W) ametufundisha kwamba Muislamu hapatwi na tabu wala maradhi, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwa hayo sehemu ya makosa yake. Basi inawezekana kabisa kwamba dada huyo madhambi yake yanafutwa, na wewe unayemsema ndiye unayejazwa.

PILI: UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Chini ya ngozi ya uso kuna tezi zinazotengeneza mafuta. Tezi hizi zinaongozwa na homoni ziitwazo androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo. Homoni hizo zikizichochea, mafuta yanakuwa mengi, seli za ngozi zilizokufa zinaziba vinyweleo, bakteria waishio humo wanaongezeka, na mwili unapambana nao. Ndipo unapoona uvimbe, usaha na maumivu. Hakuna jini hapo, na hakuna uchafu. Mwenye chunusi si mtu asiyenawa. Wengi wao wanajisugua kupita kiasi mpaka ngozi inachubuka na kuzidi kuwaka.

Kwa mwanamke mzima dalili huwa wazi: zinakaa zaidi sehemu ya chini ya uso, na zinashamiri siku chache kabla ya hedhi. Wengi wao wakipimwa damu, homoni zao ziko sawa, ila ngozi yao inaziitikia kwa nguvu zaidi. Wengine wana ugonjwa ambao madaktari huuita PCOS, unaoendana na hedhi isiyo na mpangilio, ndevu kidevuni na ugumu wa kushika mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unawapata takriban mwanamke mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajui kama wanao. Unayemwambia dada mwenye dalili hizi "utapona ukiolewa" unamchelewesha kutambua ugonjwa unaogusa uzazi wake. Na kama ndoa ingekuwa dawa ya chunusi, wake za watu wenye watoto wanne wasingekuwa nazo.

Jambo jingine wengi hawaambiwi: vijiti, sindano na kitanzi chenye homoni vinaweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya wanawake. Ukiona zimeanza baada ya kuwekewa, mweleze mtoa huduma. Usijitoe kijiti mwenyewe, na usikubali kuambiwa umerogwa.

TATU: WEWE UNAYEUZA MKOROGO KWA JINA LA SUNNA

Hapa nitasema bila kupaka mafuta.

Unachukua krimu usiyojua ndani yake kuna nini. Unaichanganya na nyingine, unaijaza kwenye kopo jeupe, unaandika "tiba ya Kisunna", unaweka picha ya habbat sawda, na unaahidi uso laini ndani ya siku saba. Habbat sawda ina heshima yake, asali ina heshima yake. Kopo lako halina.

Mtume (S.A.W) alipita sokoni akaingiza mkono kwenye rundo la chakula, akakuta ndani kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuliweka lililolowa juu watu wakaliona, kisha Mtume akabainisha kwamba anayedanganya hayuko pamoja naye. Hicho kilikuwa chakula kilicholowa maji tu. Wewe umeficha zebaki!

Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Inapita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Inabaki kwenye taulo na mashuka, ikawapata hata watoto wasiopaka. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 umelenga kuiondoa kwenye vipodozi. Hapa Tanzania vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS.

Mteja wako anasema, "Lakini ilinisaidia wiki ya kwanza!" Naam, na hapo ndipo mtego ulipo. Mikorogo mingi ina steroidi kali kama klobetasoli na betamethasoni. Zinazima uvimbe haraka, dada anafurahi, anakutumia picha, nawe unaitangaza. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na akiacha kupaka chunusi zinarudi kwa kishindo kuliko za mwanzo. Anarudi kwako kununua kopo jingine. Umemfanya mtumwa wa ugonjwa uliouzidisha mwenyewe.

Na ujue kuna hadithi, ameipokea Abu Daud na wengineo, kwamba anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa elimu ya utabibu anabeba dhamana ya madhara. Dhamana hiyo huifuti kwa kuandika "matokeo yanatofautiana" chini ya tangazo.

NNE: WEWE UNAYESEMA "MTEGEMEE ALLAH TU, DAWA ZA NINI?"

Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W) kama watafute tiba, akawaamrisha watafute, na akawajulisha kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Wewe una tawakkul kuliko yeye?

Mwingine anasema kutibu uso ni kubadilisha maumbile ya Allah. Soma kisa cha Arfaja bin As'ad (radhiyallahu anhu). Pua yake ilikatwa vitani, akaweka ya fedha ikaoza na kunuka, na Mtume (S.A.W) akamwelekeza aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa mwanamme ina katazo lake. Hiyo ni pua nzima ya bandia! Kuondoa ugonjwa ni kurudisha ngozi ilivyoumbwa. Anayebadilisha maumbile ni yule anayejichubua ili aache kuwa mweusi, na huyo mbona hatumwoni ukimkemea?

Wa tatu anasema: "Vidonge vya majira ni haramu kwa asiyeolewa, vinafungua mlango wa zinaa." Dawa inahukumiwa kwa kile inachotumiwa. Binti akipewa vidonge hivyo na daktari kwa sababu ya homoni zake, hiyo ni tiba, na kumtuhumu zinaa kwa kidonge ni jambo zito. Unajua adhabu ya anayewasingizia wanawake wema bila mashahidi wanne. Shika ulimi wako.

TANO: WEWE DADA YANGU, FANYA HAYA

Acha kusugua. Udhu haukuletei chunusi. Maji ni rehema, lakini si lazima sabuni mara tano kwa siku, wala taulo gumu. Osha kwa sabuni laini asubuhi na usiku, nyakati nyingine maji yanatosha. Usitumbue, maana kwenye ngozi zetu nyeusi kila unachotumbua kinaacha doa la miezi. Angalia mafuta ya nazi na mafuta mazito ya nywele yanayoshuka kwenye paji la uso chini ya ushungi, yanaziba vinyweleo. Kama unavaa niqabu, tumia kitambaa laini na ukifue mara kwa mara.

Dawa za kupaka zipo, na mfamasia mwenye leseni anazijua. Benzoili peroksaidi inapunguza bakteria, ila inaondoa rangi kwenye nguo, kwa hiyo linda ushungi wako na foronya. Adapalini inazibua vinyweleo: paka kidogo usiku, anza siku moja kwa kuruka moja, maana mwanzoni inakausha ngozi. Asidi ya azelaiki inasaidia chunusi na madoa pia, nayo mjamzito anaweza kuitumia kwa ushauri wa daktari. Mchana paka krimu ya kukinga jua ili madoa yasizidi kuiva.

Zisipotulia, daktari anaweza kuongeza vidonge. Kuna antibiotiki kama doksisaiklini, kwa miezi michache tu, pamoja na dawa ya kupaka. Mwezi wa Ramadhani imeze baada ya futari kwa maji mengi na usilale hapo hapo, isije ikakuunguza koo. Kuna vidonge vya majira, ambavyo havimfai kila mtu: mwambie daktari kama una shinikizo la damu, umewahi kuganda damu, au unaumwa kipandauso. Kuna spironolaktoni inayozuia kazi ya androjeni. Utafiti wa wanawake 410 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa waliopewa dawa hiyo walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na tofauti ilionekana zaidi kwenye wiki ya 24. Na kwa chunusi kali zinazoacha makovu kuna isotretinoini.

Sikiliza vizuri hapa. Isotretinoini inaharibu mtoto tumboni, haitumiwi kamwe na mjamzito. Spironolaktoni na doksisaiklini nazo si za mjamzito. Usiazime kidonge cha rafiki, usinunue mtandaoni. Kama umeolewa, mwambie daktari ukweli wote na mumewe ajue.

Na uwe na subira. Dawa ya kweli inahitaji wiki 8 hadi 12 kabla hujaona tofauti yenye maana. Anayekuahidi siku saba anakuuzia steroidi. Kumfunulia uso daktari kwa ajili ya tiba kunaruhusiwa kwa haja, akipatikana wa kike ni bora, asipopatikana usikae na ugonjwa.

Dua usiache. Omba ukiwa umeshika dawa mkononi, hiyo ndiyo tawakkul.

SITA: WAUME, WAZAZI NA WAPOSAJI

Mume, dawa za mkeo ni sehemu ya kumtendea wema. Unanunua bando kila wiki, na dawa ya uso wake unaiita anasa? Kisha usiku unamwambia siku hizi huvutii? Muogope Allah.

Mama, usimwambie bintiyo "nani atakuoa na uso huo". Maneno hayo yanakaa moyoni hata ngozi ikishapona. Kuna mabinti wameacha kwenda darasani, wameacha kupokea wageni, wanajifunika mpaka machoni kwa aibu na si kwa ibada. Huzuni ya namna hiyo nayo ni ugonjwa, mwone mtu wa kumsaidia.

Nawe mposaji uliyerudi nyuma kwa sababu ya vipele: Mtume (S.A.W) ametujulisha kwamba Allah haangalii sura zetu wala miili yetu, bali nyoyo na matendo. Vipele vina dawa kwenye duka la dawa. Moyo unaodharau viumbe wa Allah, dawa yake ni toba.

Yaa Allah, waponye dada zetu na kaka zetu wenye maradhi ya ngozi, wape subira na wepesi wa tiba, na uzitakase ndimi zetu zisiwaumize waja wako. Aamiin.

Mtumie dada anayehitaji. Na kama wewe ndiye uliyemsema kwenye shughuli ya juzi, mpigie simu leo umtake radhi kabla hujamtumia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.